Kanuni ya Saba

Kanuni ya saba Egisto Malavolti aliiandika kwa mkono wake mwenyewe, kwenye meza ya kinyozi, mwaka ule chama cha vibarua wa kijiji cha Codalunga kilipoanzishwa. Mvunja mgomo asiuziwe chumvi, asipewe moto, asisalimiwe. Akipita njiani, apewe mgongo. Aliipenda kwa sababu haikumwaga damu ya mtu. Sasa alikuwa mbunge, msoshalisti wa kwanza kuchaguliwa upande huu wa mto Po, na kanuni yake ilikuwa imemnasa Mzee Anselmo.

Kosa la Anselmo lilikuwa ng'ombe. Mgomo ulipofika siku ya tatu, ng'ombe hawajakamuliwa, viwele vilivimba nao wakalia hadi watu wakaziba masikio. Anselmo, aliyewatunza miaka arobaini na kumpa kila mmoja jina, alishindwa kuvumilia. Akachukua ndoo. Maziwa yote aliyamwaga mtaroni, tajiri mwenye shamba hakupata hata tone, lakini nani alitaka kusikia hayo? Alikuwa amekamua.

Huyu ndiye aliyemficha Egisto siku kumi na moja chini ya nyasi kavu, polisi walipokuwa wakimsaka, na mkewe Argia akimletea polenta, ugali wao wa mahindi, chini ya aproni. Jana Argia alifariki. Jeneza lilihitaji watu wanne.

"Ndugu zangu," Egisto aliwaambia wanachama asubuhi, "naomba wanne. Kwa saa moja tu."

Akainuka Ersilia, kiongozi wa wanawake wanaopalilia mpunga. "Mheshimiwa, mwaka juzi dada yangu wa tumbo moja alivunja mgomo. Nilikuja kwako nikilia. Uliniambiaje?"

Ersilia akamsogelea.

"Uliniambia kanuni haina dada. Nikampa mgongo. Sasa yuko Brazili, sijui kama yu hai. Leo limekufika wewe, ndiyo unatafuta upenyo?"

"Marehemu hakukamua ng'ombe, Ersilia."

"Wanangu nao hawajakamua, na wanalala njaa. Leo wanne wakibeba jeneza, kesho arobaini watashika ndoo. Si maneno yangu hayo. Ni yako, jukwaani."

Yalikuwa yake kweli, na hilo ndilo lililomuuma. Ikapigwa kura. Mkono uliokuwa juu ulikuwa mmoja tu, wa Egisto, na alipoona macho yote yamemgeukia akaushusha taratibu, akajifanya anaweka nywele sawa.

Saa nne Anselmo alitokea, akivuta mwenyewe mkokoteni wa nyasi wenye jeneza juu yake. Mvua ilikuwa imenyesha na barabara ilikuwa tope tupu. Pande zote mbili watu waligeuka, mmoja baada ya mwingine, wakampa mgongo. Egisto alikuwa amesimama mlangoni kwa kinyozi.

"Egisto," mzee alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwita mtu aje kula.

Egisto akageuka.

Mbele yake palikuwa na ukuta mweupe wenye ufa. Aliukodolea macho huku akijichukia kuliko alivyowahi kumchukia tajiri yeyote. Nyuma yake alisikia gurudumu likizama karibu na daraja. Alimsikia mzee akihema, akisukuma, akipumzika, kisha akibembeleza kwa upole, vile alivyozoea kuwasemesha ng'ombe wake: "Haya mama, twende. Pole pole, mama." Alichukua muda mrefu sana. Wanaume sitini walikuwa pale, wenye nguvu zao, na hakuna aliyetikisika.

Alhamisi tajiri akatia saini. Alikubali kila kitu: ujira, saa za kazi, yote. Vibarua walimnyanyua mbunge wao juu juu, wakigombea nani ambebe, wakamtembeza kijiji kizima hadi darajani. Huko juu Egisto aliliona shimo la gurudumu, bado limejaa maji. Aliomba ateremshwe, lakini kwa kelele zile hakuna aliyemsikia, wakavuka naye. Walimbeba vizuri sana. Hawakuyumba hata mara moja.