Meno Mawili ya Juu

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, Mapenzi alimlaza mwanawe chali kitandani, akamtia kidole mdomoni na kuupapasa ufizi wa chini. Ulikuwa laini kama jana. Juu meno mawili yalikuwa yameshatoka miezi mingi, na mtoto sasa alikuwa anasimama kwa kushika ukuta, lakini chini hapakuwa na dalili hata ya uvimbe. Mapenzi alifuta kidole kwenye leso, akaanza siku na moyo juu juu.

Kwao, Wagiriama wa Ganze, mtoto anayetangulia kuota meno ya juu huitwa kigego, na kigego husemwa ana mkosi, yeye na wote walio karibu naye. Mapenzi alikuwa amesoma hadi kidato cha nne na alijua fika kwamba huo ni upuuzi. Alijua, lakini kujua hakukumletea usingizi. Na wala hakuogopa meno. Alimwogopa mavyaa wake, mamake mumewe.

Alipokuwa mwali mpya, huyo mavyaa, Kahaso, alimsimulia habari za mtoto mmoja wa kijijini, zamani, aliyeota ya juu kwanza. Alfajiri moja mtoto akachukuliwa kwenda mtoni, na waliompeleka wakarudi mikono mitupu, wakala uji wao. Kahaso alisimulia huku akimenya mihogo, kwa sauti ya mtu anayeeleza kwamba mvua mwaka ule ilichelewa, kisha akaomba asogezewe chumvi. Mapenzi hakuisahau ile chumvi.

Sasa Kahaso alikuwa anakuja Mishomoroni, mjini Mombasa, kukaa nao. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, haoni ila vivuli, na alikuwa amepata nafasi ya kupasuliwa mjini. Munga, mume wa Mapenzi, aliona hiyo ni bahati. Munga ni fundi wa vigae huko Nyali, mtu anayeweza kubishana na msimamizi wa kazi mpaka msimamizi akaomba maji, lakini mbele ya mamake huwa hana mfupa hata mmoja. Alisema mama haoni, na mpaka aje apasuliwe, ya chini yatakuwa yametoka na hakuna atakayejua yapi yalitangulia. Mfiche tu, alisema, akavaa viatu akaenda zake. Ni rahisi kusema mfiche wakati wewe unashinda Nyali.

Kuficha, Mapenzi alikuwa amekuzoea. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba vingi na ua mmoja, na katika chumba kilichowaelekea alikaa Waridi, mwanamke wa Kaloleni, Mgiriama mwenzao, ambaye hakuna chungu kilichochemka katika ua ule asijue kina nini. Kwa sababu ya Waridi, Mapenzi alikuwa ameshagundua dawa, nayo ilikuwa chupa ya nyonyo. Mtoto mwenye chupa mdomoni hacheki, halii, na haonyeshi meno. Maji matupu aliyatema, kwa hiyo alitiliwa chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha. Akitokea mtu, chupa. Akitoka mtu, chupa ilibaki palepale kwa sababu mwingine alikuwa njiani.

Kliniki nako aliacha kwenda. Mara ya mwisho muuguzi, Mueni, alimfungua mtoto kinywa mbele ya foleni nzima ya akina mama, akasema kwa sauti ya kutangaza kwamba huyu ameanza na ya juu na si neno, ni maumbile. Alimwambia pia ayapanguse hayo meno kila siku kwa kitambaa safi chenye maji, na asimwachie mtoto chupa ya kitu kitamu. Mapenzi alisikia hilo la kwanza tu. Alitoka pale masikio yanawaka moto, asirudi tena.

Kahaso alifika na gunia la mihogo na kuku mmoja, akanyoosha mikono kabla hajakaribishwa kiti. "Nipeni mume wangu," akasema.

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mtoto aliitwa Karisa, jina la babu yake, marehemu mume wa Kahaso. Mapenzi alitia chupa kwanza, ndipo akamweka mtoto mapajani kwa bibi yake. Kahaso alimpapasa kichwa, masikio, miguu, akauliza mbona mume wake hana maneno. Mapenzi alijibu kwamba ana njaa. Jioni akauliza tena, akajibiwa hivyo hivyo, na bibi akasema polepole kwamba mume wake wa kwanza hakuwa mlafi namna hii.

Kuanzia hapo Mapenzi hakukaa chini. Kahaso alitaka kumlisha mtoto sima kwa mkono wake, Mapenzi akaruka kutoka jikoni. Kahaso alitaka kumwogesha, Mapenzi akasema ameshaoga, na mtoto ananuka jasho. Alifua akiwa ameupa mgongo mfereji ili aone mlangoni. Alipika huku akihesabu vikohozi vya mle chumbani. Siku moja, akiwa anachota maji, alisikia kimya kisichompendeza, akatupa ndoo na kukimbia. Alimkuta Kahaso ameketi mkekani, Karisa amemlalia begani, chupa imebingirika hadi chini ya kitanda. Aliirudisha mdomoni haraka. Kahaso alijisugua bega kidogo.

Ikaja siku ya kupasuliwa jicho la kwanza. Kesho yake Munga aliomba ruhusa kazini, akampeleka mamake kufunguliwa kitambaa. Mapenzi alibaki nyumbani na Karisa. Aliupapasa ule ufizi wa chini, akausugua kwa kidole, akausugua kwa kijiko, mpaka mtoto akalia na yeye akalia. Hakutoka jino. Akatengeneza chai, akaongeza sukari.

Kahaso alirudi anatembea bila kushikwa, jicho jekundu nyuma ya miwani myeusi. Alisimama mlangoni akatazama chumba chote, akasema kumbe ukuta wao ni wa kijani, yeye alidhani ni mweupe. Munga alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli dukani. Kahaso akaketi mkekani, akaomba mume wake. Alipopewa, alivua miwani, akaishika chupa, akaichomoa.

Karisa alipiga ukelele, kinywa wazi mpaka koo.

Kahaso alitazama kwa muda mrefu. Mapenzi alikuwa amesimama kati yake na mlango, na hakujua kama alisimama pale ili akimbie au ili amzuie mtu asitoke na mwanawe.

"Haya meno yameoza," Kahaso akasema.

Mapenzi hakuelewa. Akasogea, akainama. Penye ufizi, yale meno mawili yalikuwa yamezungukwa na mstari wa rangi ya kahawia, na moja lilikuwa limemeguka pembeni. Kila asubuhi alikuwa amekitazama kinywa hiki, na kila asubuhi alitazama chini tu. Akakaa sakafuni.

"Kwamba ni ya juu nilijua zamani," Kahaso aliendelea. "Aliniuma begani, nikasikia meno mawili tu, na chini ufizi mtupu. Nimekaa nikingoja uniambie."

"Niliogopa, mama. Ulinisimulia habari za yule mtoto wa mtoni."

Kahaso alimbembeleza Karisa, ambaye alikuwa analia na kuinyooshea chupa mikono.

"Yule alikuwa ndugu yangu," akasema hatimaye. "Mama alimfunika mdomo kwa leso tangu jino lilipochomoza. Hakuna jirani aliyewahi kumwona akicheka. Siku alipochukuliwa, nani angemuulizia? Hawakumjua." Akajifuta jicho lile jipya kwa makini, kama alivyoagizwa. "Nisikudanganye, mwanangu. Mimi pia naogopa. Nimeogopa tangu aliponiuma. Lakini huyu watamjua."

Akainuka na mtoto, akaomba kitambaa safi na maji kikombeni, akatoka uani. Mapenzi alimfuata. Kahaso aliketi kwenye kizingiti, mahali anapopita kila mtu, akamlaza Karisa mapajani na kuanza kumpangusa meno kwa ncha ya kitambaa. Mtoto alilia kwa sauti ya kuitisha mtaa. Milango ikafunguka. Aliyefika wa kwanza, bila shaka, alikuwa Waridi, na nyuma yake wengine watatu wakiwa na miko na ndoo mikononi, wanauliza kuna nini.

"Namwosha meno mume wangu," Kahaso akasema. "Njooni muone. Kesho tunampeleka hospitali atazamwe."

Waridi aliinama. Alitazama juu, akatazama chini, akatazama tena juu, na uso wake ukabadilika. Kahaso aliendelea kupangusa bila kuinua kichwa, lakini Mapenzi, aliyekuwa karibu, aliuona mkono wake. Ulikuwa unatetemeka mpaka maji yakadondoka kifuani pa mtoto.

Mapenzi alipiga magoti, akakitwaa kitambaa kutoka ule mkono. Kwa kidole kile kile cha kila asubuhi aliuinua mdomo wa juu wa mwanawe, vizuri, hata wa nyuma waone.

"Yalitangulia ya juu," akawaambia. "Na yalitoka meupe. Mimi ndiye niliyeyaozesha kwa chai, nikimficha msimwone."

Karisa alikiuma kidole, naye akakiacha pale, akaendelea kupangusa.