Jezi Namba Tano

Kila Jumamosi asubuhi Paskalia alishuka katika chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo lao la wanafunzi la Bredäng, huko Uswidi, akazipiga pasi jezi za timu. Aliipenda saa hiyo. Mashine zilinguruma taratibu, mvuke ulinukia sabuni, na hakuna aliyemtaka aseme neno. Jumamosi hii alikuwa amefikia namba tano pale mlango uliposukumwa bila hodi. Gervas, kocha wao, aliingia, mabega ya koti yamelowa theluji ya Aprili.

"Ndugu Paskalia," alisema, akiitazama mashine badala ya kumtazama yeye. "Hiyo jezi ya nahodha. Ikipotea, je?"

"Ipotee wapi? Si hii hapa."

"Naiona. Nasema ikipotea. Vitu hupotea katika kufua."

Alimwelewa mara moja, na kumwelewa huko ndiko kulikomkera. Shida ilikuwa goti la Okech, nahodha wao. Kila Alhamisi Paskalia, aliyekuwa akisomea tiba ya viungo, alilifunga bendeji goti hilo, na chini ya vidole vyake alilihisi likicheza kama bawaba ya mlango mkongwe. Alikwisha kumwambia Gervas: lijipinde vibaya mara moja tu, na Okech hatatembea sawasawa tena. Gervas alitikisa kichwa kwa huzuni, na Jumamosi iliyofuata akampanga Okech beki wa kati kama kawaida.

Nani angemwambia Okech akae nje? Ndiye aliyewapokea karibu wote kwenye stesheni kuu, kila mmoja na kikoti chake chepesi cha nyumbani. Ndiye aliyewafundisha kusimama upande wa kulia kwenye ngazi za umeme, na kuvua viatu mlangoni mwa watu. Timu yenyewe ya wanafunzi wa Afrika Mashariki pale chuoni ilikuwa wazo lake. Hakuwa na mvi hata moja, lakini wote walimwita Mzee.

"Kwa nini usimwambie mwenyewe?" Paskalia aliuliza, kwa sauti iliyomezwa nusu na mashine.

"Mbele ya vijana? Kiongozi hamvui mtu heshima, dada yangu. Anaandaa mazingira, mtu ajitoe mwenyewe."

Falsafa! Gervas alikuwa na falsafa ya pasi fupi, falsafa ya chai kabla ya mechi, na falsafa ya kufungwa kwa staha. Alichokosa ni mdomo. Damian, mshambuliaji wao, alipokuwa akichelewa mazoezini, Gervas hakumkemea. Alimpa zawadi ya saa ya kengele, tena akamwambia ni ya siku ya kuzaliwa. Damian alishukuru sana na kuendelea kuchelewa.

"Na lawama za jezi atabeba nani?"

"Wewe watakusamehe. Wewe ni mpole."

Neno hilo lilibaki chumbani hata Gervas alipokwisha kuondoka. Kukataa kulihitaji sentensi, na sentensi haikuja. Aliikunja jezi namba tano akaitia ndani ya mkoba wake, chini ya bendeji, huku akijichukia.

Uwanja wa chuo ulikuwa wa changarawe nyekundu, mgumu, wenye vidimbwi kila kona. Okech alilipekua begi la jezi hadi chini.

"Nani amekula namba tano?" Vijana wakacheka. "Dada Paskalia, mashine za Waswidi zina njaa siku hizi?"

Paskalia aliusogeza mkoba nyuma ya miguu yake. Gervas alitazama mawingu.

"Lo! Basi, Mzee," akaanza, akisugua viganja, "pengine ni heri leo upumzike. Kariuki ana namba kumi na mbili yake, acheze beki, nawe utuongoze ukiwa..."

Hakumaliza. Damian alikuwa amekwisha kujivua namba tisa yake.

"Mzee akae nje, mimi nicheze? Mama akisikia huko Bukoba atanikana. Vaa, Mzee."

"Aa, wacha, bwana. Vaa shati lako."

"Haki ya Mungu sivai!"

Okech akavishwa kwa nguvu, vijana wakipiga makofi. Basi aliingia uwanjani mtu wa goti moja, jezi imembana mbavuni. Kariuki, ambaye hajawahi kufunga goli hata mazoezini, akapelekwa mbele. Na Damian, mwenye miguu ya upepo, akakaa kwenye benchi amejifunika koti, uso umemng'aa kwa wema wake.

"Vijana hawa," Gervas alimnong'oneza Paskalia, "wana adabu kupita kiasi."

Paskalia alitamani kumpiga na chupa ya chai.

Walifungwa, wakafungwa tena. Kila Okech alipogeuka, Paskalia alilihisi goti lile katika vidole vyake mwenyewe. Karibu na mapumziko Okech aliruka kupiga kichwa, akatua vibaya, akaishika nguzo ya goli. Kisha akatabasamu na kupunga mkono. Paskalia alilijua tabasamu hilo. Ndilo lililomjia kila Alhamisi, bendeji ilipogusa penye maumivu. Na safari hii, likiwa bado usoni, macho yake yalikuja kwenye benchi, yakamtafuta yeye, kama mtu aliyekaa hospitalini muda mrefu akisubiri jina lake liitwe.

Wakati wa mapumziko waliketi kuizunguka chai. Gervas alikohoa.

"Timu ni familia," alisema. "Na katika familia kila mmoja hujua, pasipo kuambiwa, wakati wake wa..."

"Wa nini, kocha?" Okech aliuliza.

"Wa kutafakari."

Paskalia aliufungua mkoba. Bendeji zikamwagika kwenye changarawe. Akaitoa jezi namba tano, akamwekea Okech mapajani.

"Haikupotea," alisema. "Niliificha, ili usicheze, kwa sababu hapa kila mtu anakuheshimu mno hata hawezi kukwambia. Hata mimi. Goti lako linakwisha, kaka Okech. Sitalifunga tena ili ukalivunje. Leo huchezi. Kaa."

Gervas alianza kuziokota bendeji. Damian aliinamisha kichwa, kana kwamba ni yeye aliyekemewa. Mwamuzi alipiga filimbi, na hakuna aliyeinuka.

Okech aliikunjua jezi polepole, akaisoma namba yake kama mgeni. Kisha akaivua ile iliyombana, akamrushia Damian. Alikaa kwenye benchi kando ya Paskalia, akaunyoosha mguu juu ya changarawe. Tabasamu halikuwepo tena.

"Linaniuma," alisema. "Linaniuma sana, Paskalia."