Gitaa Lililosafishwa

Kila asubuhi, kabla ya kufunua cherehani yake, fundi alilishusha gitaa la kaka yake kutoka ukutani, akalipangusa vumbi kwa kipande cha flaneli, kisha akapitisha kidole gumba kwenye nyuzi mara tatu. Du. Du. Du. Ilikuwa sauti fupi, nzito, kama ya mtu anayetembea pekupeku juu ya mbao. Kutoka chumba cha pili mama yake alijibu, "Nimeamka, mwanangu," na siku ikaanza. Macho ya mama yalikuwa yamezimika mwaka wa pili sasa, na saa ya ukutani haikumfaa kitu. Sauti ile ndiyo iliyokuwa saa yake.

Jumatatu hiyo zilitoka mbili tu. Ya tatu ilikatizwa na mlango kugongwa.

Mlangoni alisimama mwanamume mwenye simu mbili na viatu vyeupe kupita kiasi. Alijitambulisha kuwa mratibu wa tamasha. Nyota kumi na wawili wa muziki wa roki, wote wa daraja la kwanza, wangekusanyika Jumamosi jioni kumkumbuka marehemu Kishindo.

"Na wewe ndiye dada yake," alisema, akishangaa kidogo, kana kwamba alitarajia mtu mrefu zaidi. "Dada yangu, kila kitu tunacho. Tunachokosa ni gitaa lenyewe. Tamasha hili bila gitaa lake ni kama harusi isiyo na bwana harusi."

Kishindo alikuwa amefariki miezi kumi na mmoja iliyopita. Kabla ya hapo alilala kitandani, chumba hikihiki, miezi mitatu, na kati ya hao nyota kumi na wawili hakuna hata mmoja aliyepiga hodi. Fundi alilikumbuka hilo vizuri. Lakini mdomo wake ulikuwa na mazoea yake, na mazoea hayo ndiyo yaliyotangulia.

"Haina neno," alisema.

Kaka yake alizoea kumtania kwa neno hilo. Akimwita kutoka uani alisema, "Bibi Haina Neno, njoo ule." Ukimkanyaga mguu, haina neno. Ukimrudishia gauni mara ya nne apunguze kiuno, haina neno.

"Mwambieni huyo atakayelipiga," mama alisema kwa sauti kutoka chumbani, "alipige kama mwanangu alivyolipiga. Nataka nimsikie mara moja tu."

"Mama, utamsikia kama yuko mbele yako," mratibu alijibu. Simu moja ikalia, akaishika kwa bega na sikio, akalikwapua gitaa na kulibana kwapani kama mkate.

"Kile kitambaa kwenye nyuzi," fundi alianza.

Mlango ulikuwa umeshafungwa.

Kitambaa chenyewe kilikuwa ukanda mwembamba wa pamba, upana wa vidole viwili, uliosukwa juu na chini ya nyuzi, karibu na pale kiganja cha kulia kinapotulia. Aliyekisuka ni fundi mwenyewe, akiwa na miaka tisa. Mama aliugua msimu mzima wa mvua, usingizi ukawa dawa pekee aliyoipata, na kaka yake, kijana wa miaka kumi na sita, hakuweza kuacha kupiga gitaa kama vile wengine wasivyoweza kuacha kupumua. Basi yule binti akachukua mkasi, akakata pindo la gagulo la mama, akalipitisha kwenye nyuzi. Sauti ikafa ganzi. Mama akalala. Majirani wakamwita kijana Kishindo, kwa kumcheka, maana gitaa lake halikusikika hata mlangoni.

Mama alipopona, kitambaa hakikutolewa. Baadaye watu wakazijaza kumbi tele kwa ajili ya sauti ile, na waandishi wa magazeti wakamuuliza siri yake. "Siri iko kwenye gagulo la mama," aliwaambia, nao wakaandika kwamba marehemu, wakati huo bado mzima, alipenda mzaha.

Jumamosi saa tisa alasiri fundi alimshika mama mkono, wakaenda ukumbini mapema ili mama asisukumwe na watu. Mlangoni palibandikwa bango kubwa. Nyota kumi na wawili walijaa juu hadi chini, meno nje. Kishindo alikuwa kwenye kona, mdogo kama stempu.

Ndani mazoezi yalikuwa yakiendelea. Waliketishwa mstari wa kwanza. Kwenye skrini kubwa palionekana moto, kisha gitaa, si lake, likipigizwa sakafuni hadi likavunjika, na sauti nene ikasema kwamba Kishindo alikuwa mwana wa ghadhabu, aliyekulia mitaani bila baba wala mama, akaupigia ulimwengu kelele mpaka ukamsikia.

"Wanamsema nani huyo?" mama aliuliza.

"Wanatia chumvi, mama," fundi alijibu, na masikio yake yakaanza kupata moto.

Kisha nyota mwenye miwani ya dhahabu akapanda na gitaa. Lilikuwa liking'aa kama sahani mpya. Alipolipiga, sauti ililia ndefu na kali, kama mabati yaliyomwagwa kutoka kwenye lori. Wenzake wakapiga makofi. Mama aliinamisha kichwa, akatega sikio lake la kulia, lile zima zaidi, akangoja. Alingoja wimbo ukafika katikati.

"Wamekubadilishia," alisema. "Hilo si gitaa la mwanangu."

Fundi aliinuka, akaenda kando ya jukwaa alikokuwa mtunza magitaa, mtu mpole mwenye bisibisi mfukoni.

"Lilikuwa katika hali mbaya, dada," alieleza kwa fahari ya mtu aliyefanya kazi yake. "Nimeling'arisha, nimetia nyuzi mpya. Halafu sijui nani alikuwa amechomeka tambara humo ndani."

"Liko wapi?"

"Tambara? Nililitupa tangu Jumanne. Taka zimeshachukuliwa." Alimtazama usoni, na fahari ikamtoka. "Lilikuwa na kazi?"

Kabla hajajibu, mratibu alifika na viatu vyake vyeupe. "Kuna tatizo?"

"Hai—" mdomo ulianza wenyewe. Akaufunga, akaufungua tena. "Mama anasema sauti siyo."

Mratibu akacheka kwa upole, cheko la mtu anayembembeleza mtoto. "Mama amekula chumvi nyingi, dada yangu, na masikio nayo huchoka. Sasa sauti imefunguka. Watu wanakuja kuwaona nyota, hawaji kusikiliza tambara. Wewe kaa pale pale. Wimbo wa mwisho kamera itakujia usoni. Ukitokwa na machozi, tafadhali usiyafute haraka."

Akaondoka akiongea na simu.

Fundi alibaki amesimama. Miezi mitatu alimgeuza kaka yake kitandani, ubavu huu na huu, na hawa hawakuonekana. Sasa wamemwondolea mama, wamemvisha ghadhabu ambayo hakuwa nayo, wamekwangua hata sauti yake, na kwake wanataka machozi, tena ya kukaa shavuni kwa muda maalumu.

Aliporudi, mama alikuwa ameshaanza kupapasa akitafuta fimbo yake.

"Turudi nyumbani," mama alisema. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Nilidhani nitamsikia. Haidhuru."

Haidhuru. Fundi alilitambua neno hilo. Kumbe lake alilirithi.

Akapiga magoti mbele ya kiti. Akatoa mkasi mkobani, maana hakuwahi kutoka nyumbani bila mkasi. "Mama, nipe pindo la gagulo."

"Hili jipya?"

"Hilo hilo."

Mama aliacha kutafuta fimbo. Kisha akapandisha gauni kidogo tu, kwa adabu, hadi pindo jeupe likaonekana. "Kata," alisema. "Mara ya kwanza hata hukuniomba."

Ukanda ukatoka umenyooka, upana wa vidole viwili. Fundi akapiga moyo konde, akapanda ngazi za jukwaa, mkasi mkono huu na pindo mkono huu. Tangu shuleni hakuwahi kusimama mbele ya watu zaidi ya watano.

"Dada, picha ni baadaye," alisema mwenye miwani ya dhahabu. Akauona mkasi. "Jamani, walinzi wako wapi?"

Hakumjibu. Aliweka kiganja chake juu ya nyuzi, na kelele zote zikakatika. Mpiga ngoma akaacha. Kwenye giza la viti mratibu alisimama, simu zote mbili mikononi. Kipaza sauti kilikuwa karibu na kidevu cha fundi. Alipovuta pumzi, ukumbi mzima uliisikia ikitetemeka.

"Kaka yangu alikuwa na mama," alisema. "Ni yule pale, mstari wa kwanza, na masikio yake hayajachoka. Wala hakuupigia ulimwengu kelele. Alipiga taratibu kwa sababu mama alikuwa amelala. Hiki kitambaa kinarudi mahali pake sasa hivi, na yale maneno ya kwenye skrini yanatoka, ama gitaa linarudi kwenye ukuta wetu na nyinyi mtakumbukana wenyewe kwa wenyewe. Habari ya kitambaa ndiyo niliyotaka kukwambia Jumatatu, mratibu, ukanifungia mlango."