Mnara wa Saa Moja

"Gemu ya Ngamia ilikuwa na mwisho," alisema Vinod kutoka nyuma ya kaunta, akifungafunga sindano za cherehani kwenye gazeti. "Ile ya Meli ya Maiti nayo ilikuwa na mwisho. Mnara hauna. Mwambie mwanao afufue kitu chenye mwisho."

Nikodemo alikuwa na skrubu mdomoni, na fundi saa mwenye skrubu mdomoni hata akitukanwa hunyamaza.

Meza yake ilikuwa kibarazani mwa duka hilo la vipuri vya cherehani, pale Majengo, Dodoma, tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Kesho Vinod alikuwa anahamia Dar es Salaam kwa bintiye. Dukani kulikuwa kumebaki maboksi, vumbi, na ile kompyuta ya chogo ambayo mnunuzi wa vyuma chakavu alishaitolea macho. Meza ya fundi haikuwa na tatizo, mpangaji mpya alikubali ibaki. Tatizo lilikuwa Vinod mwenyewe. Kwa miaka yote hiyo, biashara ikipoa, wazee hawa wawili walikuwa wanacheza gemu.

Si zile za kupigana risasi. Zao zilikuwa gemu za safari na mafumbo: unaingia pangoni, unaokota taa, unampa mbuzi majani, unaandika neno, kisha mlango unafunguka au unakufa. Vinod alijua Kiingereza, kwa hiyo alisoma maandishi kwa mbali na kuyatafsiri huku akihudumia wateja. Nikodemo alikuwa na vidole, kwa hiyo alibonyeza. Ndivyo Kiingereza chake chote kilivyokuwa cha kufungua milango na kuokota vitu. Siku moja Mzungu aliyetaka kwenda Kolo kuona michoro ya mapangoni alimwuliza njia, naye akamjibu kwa kujiamini kabisa: "Go north. Take lamp." Na kwa kuwa Kolo kweli iko kaskazini, Mzungu akashukuru, akaenda zake.

Anitha, binti wa Nikodemo, alikuwa anatengeneza gemu za simu na wenzake wawili. Safari hii walikuwa wameamua kufufua gemu moja ya zamani na kuileta kwa Kiswahili.

"Moja tu, baba," alikuwa amesema. "Kubalianeni wewe na mzee Vinod. Leo nakuja kuchukua jibu."

Nikodemo aliutaka Mnara. Sababu hakumwambia mtu, hata Ruthu mkewe. Aliona aibu, mtu mzima na mvi zake, kusema kwamba anataka kuingia mnarani na Vinod kabla Vinod hajaondoka.

Maana hawakuwahi kuingia. Mlango wa mnara ulikuwa unauliza saa ya kufunguliwa, na jibu lilichongwa kwenye jiwe la kisima. Vinod alilisoma zamani sana, akatangaza, "Mlinzi hufungua saa moja," kisha akageuka kumtafutia mteja mkanda wa cherehani. Nikodemo akaandika 1. Mlinzi akawatupa kisimani na safari ikaanza upya. Wakarudi na mbuzi, wakarudi bila mbuzi. Wakarudi wamevaa joho la padri. Kuna jioni walisubiri hadi saa ya ukutani ilipofika saa moja kamili ndipo wakabonyeza, wakatupwa kisimani vilevile. Walibadilisha kila kitu isipokuwa namba, kwa sababu namba ndiyo kitu pekee walichokuwa na uhakika nacho.

Anitha alifika na kompyuta yake ya mapajani, vumbi la Dodoma likiwa limempaka poda hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, mzee Vinod."

"Marahaba, mwanangu. Andika Ngamia."

"Usiandike!" Nikodemo alitema skrubu kiganjani. "Ngamia ni kutembea tu jangwani. Utawafundisha nini watu wa Dodoma kuhusu vumbi?"

"Mnara ni mbovu, fundi. Diski ilikuja na kasoro. Gemu mbovu ya nini kuifufua?"

"Saa ya marehemu baba yako mimi nimeifufua mara ngapi?"

Vinod akajifanya anahesabu sindano. Anitha akaifungua kompyuta mezani, katikati ya vioo na betri. Alikuwa ameunakili Mnara kutoka kwenye diski za zamani, akataka aone kwa macho yake wanapokwama. Wazee wakaanza kucheza kama kawaida yao, mmoja kaunta na mwingine kibarazani. Njia waliijua kama ya kwenda chooni. Taa, kamba, mbuzi, kisima. Muda si muda wakawa mlangoni, na kile kiboksi cha kuandikia namba kikawa kinawakawaka.

Hapo akaingia Evarista, muuza karanga wa sokoni, ameshika saa ya namba kwa ncha za vidole utadhani imeoza.

"Fundi, za leo? Mwanangu kaniletea hii kutoka Mwanza. Ina ugonjwa. Asubuhi naamka saa moja, yenyewe inasema saba. Niwekee ya Kiswahili."

"Haina ugonjwa, mama. Hizi za namba ndivyo zilivyo. Saba yao ndiyo moja yetu."

"Yao akina nani? Si iko mkononi mwangu?"

Nikodemo akacheka, akachukua pini, akaanza kuzirudisha namba moja moja. Kisha kidole chake kikasimama. Saba yao ndiyo moja yetu. Alikuwa amewaambia wateja maneno hayo maisha yake yote, na ndiyo kwanza akayasikia. Mnara ungekuwa na mishale, mshale mfupi angeuweka kwenye saba hata usingizini. Lakini mnara haukuwa na mishale, ulikuwa na kiboksi.

"Vinod," aliita taratibu. "Jiwe la kisima linasemaje?"

"Saa moja. Nimeshachoka kukwambia."

"Kwa Kiingereza."

"*At seven*."

Sindano moja ikadondoka kaunta, ikasikika.

"Jamani," alisema Evarista, "saa yangu imekufa?"

"Uliniambia moja!" Nikodemo alisimama. "Miaka yote hiyo mimi naandika moja!"

"Kwani *seven* ni saa ngapi, fundi? Ulitaka nikutafsirie saa saba, mlinzi afungue watu wanakula ugali?" Vinod naye alikuwa amewiva kwa hasira. "Na wewe fundi saa! Fundi saa mzima!"

Anitha alikuwa ameinamia meza, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Nikodemo alitaka kukasirika lakini hasira ilikataa kuja. Ilikuja aibu, halafu kicheko kikaipita aibu, na nyuma ya kicheko kulikuwa na kitu kilichomwuma kwelikweli. Leo, siku ya mwisho, ndiyo mlango unapatikana.

Akaketi. Akamtazama Vinod.

"Usiangalie kwa mbali leo. Njoo."

Vinod alizunguka kaunta, akaruka boksi la vipuri, akaketi kwenye kigoda cha wateja. Tangu wajuane hawakuwa wamewahi kuitazama gemu wakiwa upande mmoja. Nikodemo akaandika 7.

Mlango ukalia, ukafunguka. Mlinzi alikuwa amesimama ndani na taa mkononi, nyuma yake ngazi zinapanda gizani. Maneno mawili matatu yakajitokeza chini ya picha. Vinod alifuta miwani kwa shati, akaivaa, akaifuta tena.

"Anasemaje?" aliuliza Nikodemo.

"Anasema karibuni." Vinod alisogelea kioo. "Anasema mmechelewa."

"Mwambie saa yetu ilikuwa sawa."

Walicheka mpaka Evarista, ambaye hakuelewa hata moja, akacheka naye kwa kusindikiza. Akapewa saa yake, ya Kiswahili kamili, akaondoka akiunyanyua mkono juu ili soko zima lione.

"Haya, wazee," alisema Anitha, akijifuta macho. "Ngamia, Meli au Mnara?"

"Mnara," alisema Vinod kabla ya mwenzake.

"Na jibu liwe moja au saba?"

"Jiwe liseme saa moja," alisema Nikodemo, "mlango ufunguke kwa saba."

"Baba! Watu watakwama!"

"Watakwama," aliitikia Vinod kwa furaha. "Wakifungua siku ya kwanza, watakaa kibarazani kuongea nini?"

Anitha akatikisa kichwa, lakini akaandika.

"Treni yako kesho saa ngapi?" Nikodemo alimwuliza Vinod, macho yake yakiwa kwenye kioo cha kompyuta.

"Saa moja."

"Ipi?"

Vinod akatoa simu, akaitazama tiketi kwa makini, kama mtu aliyekwisha kuumwa na nyoka.

"Imeandikwa saba."

"Basi nitakuja na wewe hadi stesheni. Wewe na saa siwaamini."

Nje, kijana wa mkokoteni alipiga hodi kwa ajili ya maboksi. Hakuna aliyeinuka. Nikodemo aliweka kidole juu ya kitufe cha kupandia ngazi.

"*Go up*," alisema, kwa Kiingereza chake kile kile.

"Ngoja kidogo, fundi," alisema Vinod, akikisogeza kigoda karibu zaidi.

Kidole kikabaki hewani. Mlangoni mwa mnara mlinzi aliendelea kusimama, taa yake ikiwawakia wote wawili.