Zamu ya Troyeville

Murielle aliponikuta nimekaa kwenye chumba cha sindano, alikumbatia mkoba wake kama mtu aliyevamiwa.

"Ku kanisa muko. Ku soko muko," alisema kwa sauti ya chini. "Na hapa pia?"

Kabla sijainuka alikuwa ameshatoka, bila sindano yake.

Sikuwa nimekichagua kituo kile. Mwaka huo, 2017, nilikuwa nasomea uuguzi wa juu wa magonjwa ya akili, na kila mwanafunzi aliombwa kupendekeza mahali pa kufanyia zamu yake ya mafunzo. Niliomba wodi ya wagonjwa wanaotumwa na mahakama. Nilitaka mahali pagumu, nipimwe kwa kazi yangu. Sista Mokoena, msimamizi wetu, alinicheka.

"Wewe, Hélène, utakwenda zahanati ya Troyeville. Wakongo wamejaa kule na hatuna mkalimani. Utatufaa."

Utatufaa! Kama ufagio. Nimekulia Johannesburg, nimesoma mpaka macho yakaniuma, na bado mwanamke yule aliniona ulimi mtupu. Nilimchukia, na sioni haja ya kuficha.

Murielle, Mama Glody kama tulivyomwita, alikuwa msusi, mke wa shemasi wetu na sauti ya kwanza ya kwaya. Kanisani kwetu mtu akianza kusikia sauti zisizo na mwenyewe, anafungiwa ndani na kuombewa, na akitoka anatazamwa kwa jicho la pembeni hadi anaingia kaburini. Kumbe yeye kwa miaka miwili alikuwa akija hapa kila mwezi kudungwa sindano ya kuzinyamazisha. Alikuja kwa sababu wauguzi wa hapa walikuwa wageni kwake. Halafu nikaletwa mimi.

Jumapili mbili baadaye, kwaya iliponyamaza, midomo ya Murielle iliendelea kucheza. Alikuwa akimjibu mtu. Mumewe alikohoa. Macho yangu na ya Murielle yalipokutana alinitazama kwa chuki ambayo sijaiona hata kwa adui, na sikuthubutu kumfuata nje. Lolote ambalo ningemwambia lingemthibitishia kuwa siri yake iko mdomoni mwangu.

Asubuhi yake nilikwenda kwa Sista Mokoena.

"Nihamishe. Kuna mgonjwa wa kanisani kwetu. Nikiwapo mimi, haji."

"Atakuzoea."

"Hatanizoea. Ataugua mbele ya kanisa zima."

"Kama unadhani nitakupa wodi ya mahakama kwa hila hii, umenoa."

"Siitaki."

Niliitaka mno. Nilimwambia anibadilishe na Sipho, mwanafunzi mwenzangu, kijana wa Soweto asiyejua neno hata moja la Kiswahili. Sipho alikuwa amepangiwa zahanati ya Diepsloot, mtaa wa mabanda pembezoni mwa jiji.

"Kule maduka ya wageni yamevunjwa mwezi uliopita," Sista Mokoena alisema. "Usije ukanililia."

"Sitakulilia wewe."

Sipho alinisubiri ukumbini. "Eish, Hélène! Umegombana na nani?"

"Na kila mtu."

"Sharp, sawa," alisema, na akaona heri asiulize zaidi.

Siku ya kwanza Diepsloot, mzee mmoja alivuta mkono wake nilipotaka kumpima presha, akaniita kwerekwere, jina wanalotutupia sisi tuliotoka nje. Foleni ikacheka. Nilitabasamu huku natamani kumfungia kile kitambaa cha presha shingoni. Kesho yake alikuwa mwingine. Sipho sikumuuliza lolote kuhusu Troyeville, wala asingenijibu. Mambo ya mgonjwa hayazungumzwi. Nilikuwa nimeitupa nafasi ya wodi niliyoitaka, na sikujua kama hilo limemsaidia mtu.

Miezi miwili ilipopita nilikwenda saluni kwa Murielle. Ndiye aliyenisuka tangu nikiwa msichana, na ningehamia kwa msusi mwingine watu wangeuliza kisa. Wanawake waliokuwa wakisubiri walisogeza miguu nipite. Alinionyesha kiti kwa kidevu.

Alinichana kwa ghadhabu. Nilimtazama kwenye kioo: midomo yake ilikuwa imetulia, na macho hayakuwa yakimtafuta mtu pembeni.

"Siku hizi unatumikaka wapi?"

"Diepsloot, Mama Glody."

"Ni mbali."

"Mbali sana."

"Utarudia huku?"

"Hapana."

Alivuta kigoda akae. Alipokikalia alikunja uso, akainuka kidogo na kuegemea paja moja, kama wanavyokaa watu niliowadunga sindano ya kalioni asubuhi. Niliyashusha macho yangu haraka, lakini alikuwa ameshayaona kwenye kioo.

Akaanza msuko wa kwanza, akaukaza mpaka machozi yakanitoka.

"Inauma?"

"Hapana."

"Inauma," alisema, akaukaza wa pili.