Siku Thelathini za Mkwe

Mama alifika kesho yake baada ya mimi kutoka hospitali, na kitu cha kwanza alichokiona ni mume wangu akianika nepi. Alikuwa amezipanga kwenye kamba moja moja, pembe kwa pembe, kama anavyopanga sponji pale kiwandani anapokata magodoro.

"Shikamoo mama," alisema, kibanio kimoja bado kikiwa mdomoni.

"Marahaba baba. Leo hukwenda kazini?"

"Niko likizo, mama."

Mama alivua viatu mlangoni. Aliingia ndani, akanigusa paji la uso, akampakata mtoto, akamnusa shingoni. Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda na kuninong'oneza, "Wamemfukuza lini?"

Nilicheka, na kucheka kukaniuma. Nilikuwa nimejifungua kwa upasuaji, na siku zile kucheka, kukohoa na kuinuka kitandani yote yalikuwa maumivu yaleyale. Nikamweleza polepole. Sheria ya kazi imebadilika mwaka huu. Baba wa mtoto mchanga anapewa siku thelathini, mshahara wake uko palepale. Mume wangu ndiye wa kwanza pale kiwandani kuziomba.

"Siku thelathini za kufanya nini?"

"Za kulea."

"Kwani yeye ananyonyesha?"

Mama alipika katika shule ya bweni kwa miaka ishirini na saba. Amezoea kumtazama mtu akikaribia dirisha la chakula na kujua kama ana njaa, ana homa, au anataka kula mara mbili. Kwake, mwanamume anayeonekana nyumbani Jumanne saa nne asubuhi ama anaumwa ama ana jambo. Na mkwe wake hakuwa anaumwa.

Nyumba yetu ina vyumba viwili na jiko la kusimama mtu mmoja. Mama aliamka saa kumi na moja alfajiri akakuta chai iko tayari. Siku iliyofuata akaamka saa kumi, akamkuta mkwe wake anasuuza chupa.

"Kapumzike, baba."

"Nimepumzika, mama. Wewe ndiye umetoka safari."

"Safari ya juzi?"

Kila mmoja alimheshimu mwenzake kiasi kwamba hakuna aliyekaa. Mimi nilikuwa kitandani nikiwasikiliza wakinyang'anyana ufagio kwa adabu.

Nilizihitaji zile siku thelathini, wala si kwa sababu ya ufagio. Nilikuwa namwogopa mtoto wangu. Hili sikumwambia mtu isipokuwa mume wangu. Niliogopa shingo yake, utosi wake unaopumua, na jinsi anavyonyamaza ghafla. Mume wangu akiwa chumbani, mikono yangu ilitulia. Akitoka kwenda dukani tu, nilianza kumhesabia mtoto pumzi.

Kumbe mama naye alikuwa akikusanya ushahidi. Ovaroli imefuliwa, imekunjwa, iko juu ya kabati. Hapigiwi simu na mtu wa kazini. Na ni mpole mno, kama mtu aliyekosea. Mtoto alipofikisha siku kumi na moja, mama akavaa gauni lake la kwendea mahali pa maana, akasema anakwenda sokoni kutafuta mchicha.

Alirudi saa tisa, bila mchicha, uso umemnawiri kama wa mwanafunzi aliyeona jina lake kwenye orodha ya waliofaulu.

"Kaa hapo, baba," alimwambia mume wangu. "Nimekusemea. Jumatatu unarudi kazini."

Akatusimulia. Alikuwa amekwenda kiwandani. Alimwulizia meneja, akakalishwa kwenye benchi karibu saa nzima, akavumilia. Alipoingia ofisini akamwombea mkwe wake msamaha: kijana ni mtulivu, kama aliteleza ni ubinadamu, ana mtoto wa siku kumi na moja na mke mwenye kidonda. Meneja alimtazama, akatabasamu. "Mama," akasema, "kama familia yenyewe inataka arudi, mimi ni nani nikatae? Tuna oda ya magodoro mia nne ya hoteli." Akamletea karatasi, mama akatia saini.

"Iliandikwa nini?" niliuliza.

"Sikuwa na miwani. Lakini alinisomea vizuri tu. Eti familia inaomba."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ameinamisha kichwa. Mtu amepanda magari mawili kwenda kukuombea kazi ambayo hujaipoteza, utamwambia nini?

"Asante, mama," akasema, akatoka kwenda kuanua nepi ambazo zilikuwa bado mbichi.

Mimi si mtu wa kumjibu mama yangu. Tangu utotoni nikikerwa naye huwa nanyamaza, naye huniuliza kama nina homa. Siku ile machozi yalitangulia, maneno yakafuata.

"Mama, hakufukuzwa. Umemrudisha mtu ambaye hakuondoka."

Nikamwomba anifungulie droo, nikampa barua ya likizo. Safari hii alivaa miwani. Aliisoma akifuata mistari kwa kidole, alipofika mwisho akarudi juu, akaanza tena.

"Huyu aliyetia saini si ndiye yule wa leo?"

"Ndiye."

"Na alijua?"

"Alijua, mama."

Akaikunja barua. "Amenichezea," akasema hatimaye. "Mtu mzima na mvi zangu." Kisha, bila kunitazama, "Na wewe unamtaka hapa hizo siku zote?"

"Namtaka."

"Mimi sikutoshi?"

Hapo ndipo palipouma, nami nilipaona. "Unanitosha, mama. Lakini wewe utarudi kwako. Nataka ukiondoka, yeye awe ameshajua kilio cha njaa na kilio cha tumbo."

Mama alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya gauni. "Baba yako alikuona una miezi miwili," akasema. "Kazi zilikuwa mbali. Alikubeba kama mtu aliyeazimwa kitu cha watu. Sheria haikuwepo. Na hata ingekuwepo, ningemfukuza mimi mwenyewe aende kazini. Ningesikia aibu kwa majirani."

Asubuhi ya Ijumaa waliondoka pamoja, yeye mbele na mkwe wake nyuma. Ya kule nilisimuliwa na mume wangu, ambaye hana tabia ya kutia chumvi.

"Nimefuata karatasi yangu," mama alimwambia meneja.

"Mama, imeshaingia kwenye faili."

"Itoke. Nimepakulia watoto mia sita kwa siku, sijawahi kumnyang'anya mmoja sahani aliyokwisha kupewa. Hizi siku thelathini ni za nani?"

"Za mfanyakazi."

"Mimi umeniajiri lini?"

"Hujaajiriwa hapa, mama."

"Sasa likizo yake niliipunguza kwa cheo gani?"

Meneja, ambaye si mtu mbaya ila ana magodoro mia nne, alicheka mpaka akashika meza. Akaitafuta ile karatasi, akampa. Hata hivyo akajaribu mara ya mwisho: na hoteli je?

"Wageni wavumilie," mama akasema. "Mjukuu wangu ni mgeni kuliko wao."

Hapo mume wangu akafungua kinywa. "Bosi, nitarudi tarehe iliyo kwenye barua." Aliniambia sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyopanga, mpaka wakataji wenzake wawili wakachungulia mlangoni. Mmoja mke wake ana mimba ya miezi saba. Huyo alimsindikiza mume wangu mpaka getini akimwuliza barua huanzaje, na kama ni lazima upeleke mama mkwe.

Waliporudi mama aliomba beseni. Hakulishika. Alivuta kiti akakaa, akamwonyesha mkwe wake maji.

"Pima kwa kiwiko, si kwa kidole. Haya, mshike. Kiganja kiende nyuma ya shingo. Si hivyo, huyo si sponji."

"Hivi, mama?"

"Shusha bega. Unamwogopa?"

"Kidogo."

"Vizuri. Na mwenzako anaogopa. Ogopeni wote wawili, mtoto ataoga salama."

Sijui alijuaje. Nilishuka kitandani, nikaenda kuchuchumaa kando ya beseni kadiri kidonda kilivyoniruhusu, nikatia mkono majini. Mtoto akanyoosha miguu, akatupiga teke la maji sote wawili.

Tulipomaliza kumkausha, mume wangu akageuka kuuliza mafuta yanapakwa kuanzia wapi. Mama alikuwa amesinzia kitini, mdomo wazi kidogo, saa sita mchana, jua limejaa chumbani. Sikuwa nimewahi kumwona mama yangu akilala mchana.

"Nimwamshe ale?" mume wangu akanong'ona.

"Mwache," nikasema. "Anzia miguuni."