Punda Aliyeapiwa

Kaka yangu, mchota maji, alipolazwa hospitali alimwacha punda wake kwa mume wangu. "Shemeji, huyu ndiye mkono wangu wa kulia," alisema. Mume wangu, fundi viatu, akacheka: "Wewe pona tu. Punda utamkuta na kitambi."

Kitambi! Mchana mmoja fundi wangu alilala fofofo, lango wazi. Punda akaibiwa.

Kanisani kwetu mambo haya huamuliwa kwa Torati. Mnyama wa amana akiibiwa, mtunzaji analipa. Akiraruliwa porini, mtunzaji analeta kipande cha mzoga na kuapa, na mwenye mali akishapokea kiapo, kesi imekwisha. Sisi tungelipa nini? Mume wangu akaenda mbele ya wazee na kipande cha ngozi yenye manyoya, akaapa kwa jina la Mungu kwamba punda ameliwa na fisi.

Kaka, bado amekonda kwa ugonjwa, alipitisha kidole kwenye ukingo wa ile ngozi. Ulikuwa umenyooka kabisa. Jamani, mazoea yana tabu! Fundi hawezi kukata ngozi ovyo hata anapodanganya. Wazee hawakuona. Kaka alinitazama mimi, kisha akasema, "Nimekipokea kiapo."

Tangu hapo nyumba haikukalika. Mume wangu akigonga msumari, anasimamisha nyundo hewani. "Unasikia kwato?" Nikamwambia, "Mwanaume wewe, nenda kamwambie kaka ukweli!" Akajibu kwamba aliyeapa kwa Mungu hana pa kurudi. Niliogopa sana, maana nami nilishaanza kuzisikia hizo kwato.

Asubuhi moja, nikifagia uani, kwato zikaja kweli. Punda, mbavu zinahesabika, kipande cha kamba ngeni kikining'inia shingoni, akaingia langoni petu. Mume wangu akapiga ukelele: "Mfukuze! Huyo amekufa!"

Kaka alikuwa anapita na madumu yake ya maji mikononi. Nilimkimbilia nikilia. "Kaka, mchukue! Mungu amekurudishia!"

Akayatua madumu, akamkuna punda kwenye paji la uso. Machozi yalimlenga.

"Wangu alikufa, dada. Nilipokea kiapo mbele ya Mungu."

Akainua madumu. Punda akataka kumfuata, kaka akamrudisha kwa bega, akafunga lango kwa mguu, akapanda kilima na maji yake.